Pua Iwe ya Mwisho

Ninyi mnaoanza kazi mwaka huu, ambao makoti yenu meupe bado yana mikunjo ya pasi, kaeni niwaambie jambo moja kabla wagonjwa hawajawazoea. Mimi si daktari. Watu wa Likombe wananiita Dokta Somoe mpaka leo, na nikienda sokoni wauza samaki wananivulia viatu wanionyeshe vidonda, lakini nilianza tabibu na nikastaafu tabibu. Karibu umri wangu wote wa kazi niliumalizia kwenye chumba cha wagonjwa wa nje cha kituo kimoja cha afya pembezoni mwa mji wa Mtwara. Sitakitaja. Kina watu wengine sasa, na hawana kosa.

Nilipostaafu, chuo kimoja kiliniomba nifundishe vipindi viwili kwa wiki. Kazi yangu ni kuwapa wanafunzi visa vya kwenye karatasi. Kisa ni nusu ukurasa: mtu fulani kaletwa na polisi, yuko hivi na hivi, na wao waseme kinachotokea kwenye ubongo, kinachotokea kwenye mwili, na sheria inamtaka tabibu afanye nini. Wanafunzi wa siku hizi ni hodari. Wanayajua majina ya sehemu za ubongo ambazo mimi nilizisikia nikiwa na wajukuu. Shida ni kwamba mgonjwa wa kwenye karatasi hanuki, hatukani, na pembeni yake hakuna askari anayetazama saa.

Aliyenifundisha mimi hakuwa na karatasi. Alikuwa Mzee Ng'itu, daktari msaidizi, Mmakua wa Masasi, mfupi, mwenye hasira za karibu. Kila polisi walipoleta mtu na kusema ni mlevi, Mzee Ng'itu alifungua mtoto wa meza, akachota dawa ya kuchua kwa kidole, ile yenye menthol kali, akajipaka chini ya pua. Ndipo akamsogelea mgonjwa. Sisi vijana tulicheka sana. Tulisema mzee anajidekeza, anaogopa harufu ya uraka, pombe ya mabibo, wakati kwao wanaupika.

Siku moja alinikamata ninacheka. Akaniambia, "Somoe, pua yako ina haraka kuliko akili yako. Ikishasema pombe, macho yanaitikia, mikono inaitikia, na kalamu nayo inaitikia. Mimi naiziba kwanza."

Utaratibu wake ulikuwa huu, na mimi nauandika ubaoni kila muhula. Anza na mboni za macho, zote mbili, kwa tochi. Kisha mapigo ya moyo, presha, sukari. Kisha ingiza vidole kwenye nywele, upapase fuvu lote, maana damu ya kichwani hujificha. Kisha muulize anayeishi naye, siyo aliyemleta. Pua iwe ya mwisho.

Niliuona utaratibu huo ukifanya kazi siku tuliyoletewa Mzee Karim, Mhindi mwenye duka la vyombo Mikindani, mtu wa swala tano. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, baada ya alasiri. Aliletwa na mpwa wake na mgambo wawili, amefungwa mikono kwa kanga. Alikuwa amemrushia mteja sahani za bati, moja ikampasua paji la uso yule mama, na maneno aliyokuwa akitukana hata mgambo waliona haya. Ulimi mzito, jasho linamtoka, anayumba. Mama mmoja kwenye foleni alisema, "Mwezi mtukufu huu, mzee wa watu kautwika."

Mzee Ng'itu akajipaka dawa yake. Akamshika mkono: wa baridi, umelowa. Akampima sukari, ikawa chini kabisa. Tukamwingizia maji ya sukari kwenye mshipa, na hazikupita dakika kumi Mzee Karim akatulia na kuuliza, "Duka kafunga nani?" Kisha akaona sindano mkononi mwake. "Mmenifungulisha swaumu?" Alininunia mimi, niliyeshika sindano, mpaka Idi. Siku ya Idi akaniletea sinia la sambusa bila neno.

Yule mama aliyepasuliwa alitaka kesi, na alikuwa na haki ya kuitaka. Mzee Ng'itu akajaza fomu ya polisi, ile PF3 ambayo ninyi mtaijaza mpaka mikono iume, kisha akanieleza. Ubongo hauna ghala la sukari, unakula kinacholetwa na damu dakika ile ile. Sukari ikiisha, sehemu ya mbele inayotuzuia tusifanye upumbavu ndiyo inayozima mapema, lakini mkono bado una nguvu ya kurusha sahani. Sheria nayo inauliza maswali mawili: mkono ulifanya nini, na akili ilikuwa wapi mkono ulipofanya. Tena akaongeza kwamba mwakani, Mzee Karim akishaambiwa kwamba vidonge vyake vya kisukari na kufunga haviendi pamoja, akirudia atakuwa na jibu gumu zaidi la kutoa. Yule mama alikubali kuombwa radhi, akapewa na seti nzima ya sahani. Zile zile za bati.

Kisa kingine nakisema kwa aibu kidogo. Aliletwa mvuvi wa Msimbati aliyegongwa na bodaboda, anadai mguu wake wa kulia umekufa na anataka fidia. Kuna mbinu: unamlaza chali, unaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliokufa, unamwambia ainue ule mzima. Mwili ukitaka kuinua mguu mmoja hujikita kwa mwingine, na mwenyewe hajui. Kisigino kilichokufa kikanikandamiza kiganja mpaka pete ikaniuma. Nikaandika kwa furaha: "Anaigiza."

Mzee Ng'itu aliichana karatasi mbele ya mgonjwa. "Umeona mguu una nguvu," aliniambia. "Kuigiza umekuona wapi? Kuna rangi gani?" Akanieleza kwamba wapo watu ambao mishipa yao ni mizima na mguu ni mzima, lakini ubongo umepoteza njia ya kuuamrisha, na hawadanganyi, wanateseka kweli. Kazi yangu ilikuwa kuandika nilichokiona kwa macho na mikono. Kuamua ni kazi ya hakimu. Yule mvuvi alirudi baada ya miezi mitatu anatembea kwa fimbo, akanisalimia vizuri tu, nami sikujua niweke wapi uso.

Sasa nakuja kwenye kile wanafunzi wanachokiita Kisa cha Nne. Nimekifundisha kila mwaka. Mzee Ng'itu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki kilipotokea, na mtoto wa meza yake ulikuwa wangu. Mkebe wa menthol ulikuwa bado mle ndani, umekauka.

Ulikuwa msimu wa korosho. Mnaotoka mikoa mingine hamtajua, lakini msimu ule harufu huwa moja huku kwetu. Watu wanaokota mabibo tangu alfajiri, wananyofoa korosho, tunda lenyewe wanalitupa lundo au wanalikamua, na siku ya pili tu lile lundo linachacha na kuwa uraka wenyewe. Mnywaji na asiyekunywa, wote nguo zinanuka. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa ustadhi alinirudisha nyumbani kutoka madrasa kwa sababu gauni langu lilinuka uraka, na nilikuwa nimeshinda na bibi yangu tukinyofoa korosho. Nililia njia nzima. Kumbukeni hilo, maana mimi sikulikumbuka siku nilipotakiwa kulikumbuka.

Kama saa tisa alasiri aliingia askari mmoja, Konstebo Mathayo, mtu wa makamo, mpole, anamwongoza mwanamume kwa mkono. Nyuma yao mwanamke mwenye kanga iliyojaa madoa ya mabibo. Mwanamume aliitwa Hamisi Nambunga, mkulima wa Mtawanya, na yule mwanamke alikuwa mkewe, Mwanahawa. Habari aliyoieleza askari ilikuwa fupi. Hamisi na jirani yake, Bakari, walikuwa wamegombea korosho zilizodondoka mpakani mwa mashamba yao. Bakari akampiga Hamisi mpini wa jembe mara moja, upande wa kulia wa kichwa, juu ya sikio. Hamisi akaangukia pipa la mabibo, akalala kimya kidogo, kisha akainuka, akajifuta, akatembea mwenyewe mpaka kituo cha polisi kushtaki. Alieleza vizuri, kila kitu kwa mpangilio. Wakati anaandikiwa PF3 ndipo akaanza kukasirika ovyo. Akatapika. Akataka kumpiga askari.

"Kalewa huyu, dokta," alisema Mathayo. "Mwanzo nilidhani mzima. Jaza tu nimrudishe, akilala pombe itamtoka."

Pale nje kulikuwa na foleni ya watoto wenye homa. Tochi yangu ilikuwa haina betri tangu juma lililopita. Hamisi alikaa kwenye benchi kichwa kimeinama, shati limelowa majimaji ya mabibo mgongoni na kifuani, na harufu ilijaa chumba kizima. Nilimwuliza jina akalitaja polepole. Nilimwuliza siku, akanitukana. Niliona kidonda kidogo juu ya sikio, hata damu ilikuwa imeshakauka.

Mwanahawa akasema, "Mama, mume wangu hanywi."

Nikaivuta fomu.

"Hanywi, mama. Ni mabibo haya, tunanyofoa toka asubuhi, na kaanguka kwenye pipa. Ndiye anayetuadhinia pale msikitini kwetu. Muulize mtu yeyote."

Nikasema, na naiandika kama nilivyoisema: "Wake wote wanasema hivyo."

Nikaandika kwenye fomu: "Amelewa. Jeraha dogo la kichwa. Anaweza kukaa mahabusu." Nikamwambia Mathayo, "Mpelekeni akalale, pombe ikimtoka atakuwa mzima." Fomu ilitakiwa mhuri, na mhuri ulikuwa kabatini kwa mganga mfawidhi, bosi wangu, aliyekuwa kwenye mkutano. Kwa hiyo Mathayo akaondoka na mgonjwa, fomu ikabaki mezani kwangu, aje aichukue kesho.

Ngoja niwaeleze kilichokuwa kinaendelea ndani ya kile kichwa wakati mimi nakihukumu. Mfupa wa juu ya sikio ni mwembamba, na kwa ndani yake unapita mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka mshipa unakatika, damu inaanza kujikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mwanzoni mtu anazimika kidogo kwa ule mshtuko, kisha anaamka na kuwa mzima kabisa, anatembea, anashtaki, kwa sababu bado kuna nafasi. Ubongo unasukuma maji yake nje kupisha damu. Nafasi ikiisha, kila tone linalofuata linabana. Anatapika. Anakuwa mkali asiyekuwa mkali. Kisha anasinzia. Mapigo yanakuwa polepole wakati presha inapanda, na mboni ya upande ulioumia inapanuka kwa kuwa mshipa wa fahamu unaoiongoza unabanwa. Mlevi kwa kawaida mapigo yake huenda mbio, na mboni zake mbili zinafanana. Tofauti hiyo ungeiona kwa tochi ya simu na saa ya mkononi. Saa nilikuwa nayo, na simu ya Mwanahawa ilikuwa na tochi.

Asubuhi walimrudisha amebebwa. Mboni ya kulia ilikuwa imefunguka yote. Nilimpa rufaa, gari likaondoka naye, na kabla halijafika alikata roho. Mwanahawa alikuwa kwenye gari. Mimi nilibaki naita mgonjwa anayefuata, na sauti yangu ilitoka ya kawaida, jambo ambalo bado linanishangaza.

Kabla ya saa sita mchana mganga mfawidhi aliingia chumbani kwangu akafunga mlango. Fomu ilikuwa bado mezani, haijagongwa mhuri. Hakunitisha. Alisoma mara mbili, akaiweka chini, akasema kwa upole, "Bi Somoe, hapa chini pana nafasi. Ungekuwa na muda, ungemwambia nini yule askari?"

"Amrudishe akizidi kusinzia."

"Basi hilo ndilo ulilomwambia," akasema, akatoka kwenda kuleta mhuri.

Nikaandika. Kalamu ile ile, mwandiko ule ule: "Polisi wameshauriwa kumrudisha mgonjwa mara moja akizidi kusinzia." Mstari ulijaza nafasi vizuri, utafikiri pameachwa kwa ajili yake. Mhuri ukagongwa juu.

Bakari alishtakiwa kwa kuua, na nikaitwa kutoa ushahidi. Mimi nilikuwa naogopa kitu kimoja, kwamba wakili wa utetezi atasema aliyeua ni tabibu, Bakari aachiwe, na mimi nipandishwe pale aliposhuka. Sikujua sheria. Ningeijua, ningejua kwamba anayempiga mwenzake pigo la kumuua hawi huru kwa sababu tu tabibu alikosea baadaye kwa nia njema. Pigo linabaki lake. Kilichobishaniwa ni kama alikusudia kuua, na kwa pigo moja la ghafla kwenye ugomvi wa korosho, mahakama ilisema hakukusudia, akafungwa kwa kuua bila kukusudia. Angefungwa vilevile bila ule mstari wangu. Uongo wangu haukumsaidia Hamisi, haukumsaidia jaji, haukuhitajika na mtu yeyote pale mahakamani isipokuwa mimi.

Nilisimama kizimbani nikausoma kwa sauti. Konstebo Mathayo alipoulizwa alisema, "Sikuambiwa hivyo." Alisema mara moja tu, akanitazama. Alikuwa na uso wa mtu anayedhani labda amesahau.

Mwanahawa yeye hakuwa na shaka. "Huyu mama hakusema neno hilo," aliwaambia. "Alisema mpelekeni akalale."

Wakili wa utetezi akamwuliza, "Wewe si ndiye uliyesema pia mumeo hakunywa? Na mtaalamu ameandika amelewa?"

"Hakunywa."

"Kwa hiyo mtaalamu amekosea mara mbili, na wewe umepatia mara mbili?"

Watu wakacheka kidogo kule nyuma. Mwanahawa akashika ncha ya kanga yake, akasema ndiyo. Na ndivyo ilivyokuwa, wanangu. Alikuwa amepatia mara mbili. Neno langu la kwanza ndilo lililotumika kuliua neno lake la pili, na hakuna aliyekuwa amepima pombe kwenye damu ya marehemu, maana ilishaandikwa. Mathayo alifukuzwa kazi, akarudi kwao mbali huko. Kwenye hukumu Hamisi anaitwa "marehemu, ambaye alikuwa amelewa". Mtaani Mtawanya walisema kumbe mwadhini alikuwa anakunywa kwa siri, na mwanawe alipopeleka posa mahali, jibu lililorudi lilikuwa kwamba hawaozeshi kwa mtoto wa mlevi aliyefia mahabusu.

Mimi nikapandishwa daraja. Nikaendelea na kazi. Nilinunua tochi mbili na mkebe mpya wa menthol, na kuanzia siku ile sijawahi kumgusa mgonjwa aliyeletwa na polisi bila kujipaka. Vijana wa kituoni walicheka kama sisi tulivyocheka. Niliokoa watu kwa utaratibu ule, siwezi kusema sikuokoa. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo fidia yangu.

Nilipoanza kufundisha, nikakiweka Kisa cha Nne kwenye karatasi bila majina, na ule mstari nikauweka pia. Mwongozo wa kusahihisha niliutunga mwenyewe. Mwaka jana binti mmoja hodari aliandika ukurasa mzima: mshipa, utando, mboni, mapigo, hakuacha kitu. Mwisho akahitimisha kwamba tabibu alikosea kutambua ugonjwa lakini alitimiza wajibu wake kwa kutoa ushauri, na lawama ya kisheria ni ya askari aliyepuuza. Kwa mujibu wa mwongozo wangu alikuwa sahihi. Nilimpa alama zote. Nikaiweka kalamu chini na sikuweza kuishika tena siku ile, wala siku ya pili yake.

Siku ya tatu nilikwenda Mtawanya. Nilibisha hodi nikamkuta Mwanahawa uani anamenya mihogo, amekonda, nywele zimeingia mvi. Aliinuka. "Shikamoo, dokta," akaniambia, akanivutia kiti. Shikamoo ile ilinichoma kuliko angenitukana.

Sikukaa. Nilimwambia yote, kuanzia tochi mpaka mhuri. Aliendelea kumenya, ganda linatoka refu bila kukatika.

"Nangu nilikuwepo," akasema. Kimakonde humponyoka akiwa na hasira; nangu ni mimi. "Nangu nilikuwepo mle chumbani, dokta. Unanieleza habari ninayoijua."

Nikasema nisamehe. Hakujibu hilo, na mpaka leo hajalijibu, na simdai.

Akauliza, "Kwenye karatasi ya mahakama, bado pameandikwa kalewa?"

"Bado."

"Na hii unayonieleza, imeandikwa popote?"

"Hapana."

Nilikuwa nimeanza kulia. Akaweka kisu chini. "Usilie hapa kwangu," akasema. "Kaandike."

Nimekwenda kwa wakili nimeapa hati ya kiapo, na nimeipeleka panapohusika pamoja na barua kuhusu Konstebo Mathayo, ambaye bado natafuta anakoishi. Wakili alinieleza waziwazi: kukosea ugonjwa kwa nia njema kungenipatia onyo, pengine adhabu ya kazini. Kuongeza mstari kwenye fomu ya polisi ni kughushi, na kusimama kizimbani na kuusoma ni kiapo cha uongo. Hayo ni makosa ya jinai na hayazeeki nilivyozeeka mimi. Yatakayokuja nitayapokea. Chuoni nimewaambia watafute mwalimu mwingine, na mwongozo wa Kisa cha Nne nimeuchana, kama Mzee Ng'itu alivyonichania ile karatasi ya mvuvi.

Ninyi kwenye fomu mtakuta nafasi chini. Wakati mwingine atatokea mtu mpole awaonyeshe ile nafasi. Nami nimeamua kuijaza fomu yangu upya hapa, kwa kuwa karatasi hii angalau mtaisoma, na nimeahidi nitaandika.

Jina: Hamisi Nambunga, mkulima, wa Mtawanya. Ameletwa na polisi saa tisa alasiri, akiwa na mkewe. Amepigwa mpini wa jembe juu ya sikio la kulia, akazimika kidogo, akaamka mzima, kisha akabadilika. Ametapika. Anajibu polepole, ana hasira isiyo yake. Mboni za macho: sikuzitazama. Mapigo: sikuyahesabu. Presha: sikupima. Sukari: sikupima. Fuvu: sikulipapasa. Harufu ya uraka: ipo kwenye shati, aliangukia pipa la mabibo. Harufu ya mdomo: sikuinusa. Ushauri niliompa askari: akalale.

Maelezo ya mke: mume wangu hanywi. Nimeyaamini.